Vijana Wanacheka Maktabani, Mkwe Amekaa Dirishani

Mama Mshauri, pokea salamu kutoka Kisii, na ukishazipokea naomba unisaidie kwa sababu nimefika mahali sijui kama nicheke au nilie. Mimi ni mfanyakazi wa maktaba ya umma hapa mjini, na kwa muda mrefu niliona vijana wa shule wakiingia kwetu kukwepa mvua tu, na mvua ya Kisii unaijua, haikosi alasiri, basi wanasimama kati ya vitabu vya watoto vyenye picha za bata na vitabu vya sheria vya wakubwa, hawana chao, mvua ikikatika wanatoka, ndipo nikamwomba mkubwa wangu Bwana Onchiri anipe kona moja na alasiri ya kila Jumatano iwe ya vijana, naye akakubali huku akiniambia watavunja viti.

Mama, hawakuvunja hata kimoja. Niliwaacha wachague vitabu wenyewe, wakaunda kamati, mwenyekiti ni msichana wa Suneka aitwaye Nyanchama ambaye akikohoa tu wavulana wenye viatu vya raizoni na nywele za afro wanakaa kitako, wanajadiliana, wanasomeana hadithi, na siku hizi wanakuja hata jua likiwaka. Niliweka pia sanduku la maswali, mtu anaandika swali bila jina, tunalisoma mbele ya wote na kulijibu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Nimechumbiwa na Andrew, mwalimu huko Nyamira, na ng'ombe wa mahari wataletwa kwetu Kiogoro mwezi wa Desemba. Baba yake, Mzee Obwocha, ana duka hapa mjini na huja maktabani kila siku kusoma gazeti, nami humwamkia kwa heshima, macho chini. Jumatano moja nikafungua karatasi nikasoma kwa sauti: mvulana akimpenda msichana, amwandikie barua au amwambie ana kwa ana? Nikaanza kujibu kwa kuigiza, nikimwiga mvulana magoti yanavyomtetemeka, vijana wakacheka mpaka machozi, kumbe mzee yuko papo hapo nyuma ya gazeti lake. Akalikunja, akatoka bila kutazama upande wangu. Kwetu tuna chinsoni, ile haya kati ya wazazi na watoto, na baba mkwe hakai chumba kimoja na mke wa mwanawe mambo ya mapenzi yakitajwa, sembuse yakiigizwa na huyo mke mtarajiwa mwenyewe.

Tangu siku hiyo kila Jumatano anatoa kiti barazani, anakaa chini ya dirisha letu na gazeti lake mpaka tumalize. Nikadhani anakusanya ushahidi. Nikalifunga dirisha bila kulikomea, mara nikaona fimbo yake ikilivuta likafunguka tena. Nimemwomba Andrew aniombee msamaha, akacheka akasema, "Baba hajasema neno." Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Bwana Onchiri anasema kufunga kona au kuiacha ni juu yangu. Mama, nikiendelea nitampoteza mchumba? Vijana hao nawapenda, na Andrew nampenda.

Esnah, Kisii

* * *

Esnah binti yangu, hongera kwa kazi nzuri. Sasa kaa nikugombeze kidogo. Unashinda kati ya vitabu kutwa nzima, lakini mzee aliyekaa mbele yako umeshindwa kumsoma.

Mtu aliyekasirika huenda zake. Angerudi dukani kwake, au angepanda hadi Nyamira siku hiyo hiyo kumwambia mwanawe atafute mwingine. Huyu anabeba kiti! Unamfungia dirisha, analifungua. Hebu Jumatano mchungulie uone kama gazeti hilo hufunuliwa hata ukurasa mmoja. Mimi nimeolewa huko huko kwenu na chinsoni naijua: inamkataza kukaa nanyi chumbani, lakini ya barazani haikutaja. Mzee ametafuta njia ya kukuheshimu bila kukosa uhondo, nawe unamwita shahidi.

Kwa hiyo usifunge kitu. Usimtume Andrew tena, utamwaibisha baba yake kwa kumfanya akiri kwamba anasikiliza. Meza ya magazeti ihamishie upande wa pili, mbali na vijana, maana wazee wengine huenda hawana masikio mapana kama ya Obwocha. Maswali yasome mwenyewe kabla ya kuyatoa. Yale ya wasichana peke yao yatafutie muuguzi na saa yao, mlango umefungwa. Na hapo barazani mwombe Bwana Onchiri aweke benchi, bila maelezo. Siku za Jumatano usitoke kumwamkia mzee. Mwambie Nyanchama wako awahimize vijana wapaaze sauti kidogo, basi.

Ng'ombe watakuja, usikose usingizi kwa ajili yao. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, nilimpikia miaka mingi, akafariki bila kuniuliza hata mara moja kazini kwangu ninafanya nini. Wako anaijua kazi yako kila wiki, na anaionea fahari. Nenda ukaifanye.