Ng'ombe wa Lomayani

Tanga, 12 Machi 1911

Kwa kaka yangu mpenzi Meitamei,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila homa ya pwani haina adabu. Baba na mama hawajambo? Na ng'ombe, wamepona ule ugonjwa wa kwato?

Kaka, huku shuleni nimejiwekea mwalimu wangu, naye ni mimi mwenyewe. Kila alfajiri nasimama kwenye pipa la maji nyuma ya bweni, najiita jina: "Lomayani, jana ulishindwa nini? Leo utafanya nini?" Kisha najijibu kwa sauti. Nisipotimiza, chakula cha mchana sili. Wenzangu wanasema yule wa bara kaoa pipa. Wacheke.

Unajua ninachokitaka. Siku ile baba alipochapwa viboko bomani kwa neno ambalo hakulisema, mkalimani kaligeuza, mimi nilikuwa nimemshikia fimbo yake. Nitakuwa karani na mkalimani. Baba akisimama tena mbele ya Bwana Mkubwa, maneno yake yatapita kinywani mwa mwanawe, bila kupungua wala kuongezwa.

Mdogo wako akupendaye,
Lomayani

Nyumbani, chini ya Meru, 30 Mei 1911

Mdogo wangu Lomayani,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Sisi tu wazima, mvua imenyesha vizuri. Mama anauliza unakula nini. Nilipomwambia samaki, akatema mate chini. Barua hii naandika mwenyewe. Mwalimu wa misheni alitaka kuniandikia, nikamwambia si bure nimekalia benchi lake miaka yote hii.

Hilo la pipa nimelicheka mpaka machozi. Haya, jifundishe. Lakini sikia: rika lenu linafungwa. Wazee wamekubaliana kwamba jando la mwisho ni baada ya mavuno, kisha kisu kinawekwa kwa miaka. Baba ameshakutengea ng'ombe wako, yule dume mwekundu. Njoo! Unajua kwetu asiyepita jandoni ni layoni, mtoto tu, hata aote mvi. Na layoni hasemi mbele ya wazee.

Kaka yako,
Meitamei

Tanga, 2 Agosti 1911

Kaka Meitamei,

Shikamoo. Nawaombea afya. Mimi sijambo.

Mtihani wangu wa mwisho umeangukia siku zilezile za jando. Nikiukosa, yote niliyojitesea yamekwenda na maji. Kaka, mtu hukua kichwani, hakui kwa kisu. Mimi nimejikuza peke yangu huku, bila rika. Kama ni kutahiriwa tu, yupo daktari hapa, atanimaliza asubuhi moja. Mwambie baba ng'ombe aningoje.

Mdogo wako,
Lomayani, mwanafunzi

Nyumbani, 20 Novemba 1911

Lomayani,

Salamu. Sisi wazima wa mwili.

Ng'ombe hakukungoja. Baba alisimama mlangoni pa zizi mpaka kisu kikaoshwa, ndipo akasema dume achinjiwe Parsimei, yule yatima wa jirani. Watu wanauliza kama uliogopa. Mama anawajibu kwamba una kazi. Baba hajibu.

Na huyo daktari wako mwache. Nani aliomba ukatwe? Tulitaka usimame mbele yetu bila kupepesa jicho, nasi tukushangilie. Kidole kimoja hakivunji chawa, ndugu yangu.

Meitamei

Arusha, 4 Februari 1914

Kaka mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mu wazima, na mtanisamehe kimya cha miaka miwili. Niliona haya.

Nimerudi, kaka! Tangu mwezi uliopita mimi ni karani na mkalimani hapa bomani. Na kesi ya shamba letu la chini, lile lenye chemchemi ambalo Mzungu anadai ni pori, itasikilizwa Jumatatu. Baba aje. Aseme tu nani alilima pale na nani kazikwa pale. Mengine niachieni. Hii ndiyo siku niliyoliambia pipa.

Mdogo wako,
Lomayani

Arusha, 11 Februari 1914

Kaka,

Shikamoo. Sina nguvu ya salamu ndefu.

Kwa nini baba hakusema? Nilimpa mkono, kama mtu mzima kwa mtu mzima. Yeye akauinua wake akaniwekea kichwani, kama wanavyosalimiwa watoto, na wazee wote wanatazama. Kisha akakaa kimya. Bwana Mkubwa akaniuliza, "Mzee anasema nini?" Ningeweza kumtungia maneno, na mazuri! Lakini niliapa kwamba neno lisilosemwa halitatoka kinywani mwangu. Nikajibu, "Hasemi kitu." Nikaambiwa niandike hivyo, nikaandika. Shamba limekwenda, kaka, kwa mkono wangu. Nijibu, nakuomba.

Lomayani

Nyumbani, 3 Aprili 1914

Mdogo wangu,

Salamu. Mama anaumwa kifua. Wengine tupo.

Nina hasira na ninyi wawili. Njiani nilimwambia baba, ardhi yetu umeitupa kwa ajili ya heshima yako. Akaniambia, "Layoni akinisemea leo, kesho nani atanisikiliza kikaoni?" Basi. Tunahamia upande wa Nduruma na ng'ombe waliobaki.

Ila mwezi wa sita wazee wanafungua jando la rika jipya. Jana asubuhi nimemkuta baba zizini, anamtia dume alama ya sikio. Sikumwuliza, lakini ni wako. Utasimama na watoto wanaokufika kifuani, watakucheka. Wacheke, si ndivyo ulivyosema? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Usinijibu kwa barua, njoo. Ukitoka alfajiri, saa tano uko kwetu.

Kaka yako,
Meitamei

Arusha, 19 Juni 1914

Kaka Meitamei,

Shikamoo. Mama amepata nafuu?

Najua ulikataa barua. Siku niliyopanga kuja kwenu niliamka mapema, nikavua kanzu, nikajifunga shuka. Nikajiita jina kama zamani: "Lomayani, leo utafanya nini?" Nikajijibu kwa sauti, "Leo nakwenda kwa baba." Nilikwenda vizuri mpaka mtoni.

Pale nikamkuta Parsimei ananywesha ng'ombe. Morani kamili sasa, na nilimwacha kamasi zinamtoka! Hakunicheka. Alifurahi kuniona, akanyoosha mkono anisalimu kichwani, kama ilivyo haki yake. Nikajiambia, inama, Lomayani. Nikajiambia tena, inama. Kichwa kilikataa. Yeye akabaki na mkono wake hewani, mimi nikageuka, na saa tatu nilikuwa mezani kwangu ofisini.

Mwambie baba ng'ombe asiningoje.

Mimi, layoni wenu,
Lomayani