Kumsuka Neema

Jumanne, tumeshakula

Na mimi ndiye niliyempiga mjukuu wangu kichwani kwa kitana, nikimwambia Neema, acha kudeka.

Leo nilimpeleka zahanati kwa tumbo la hedhi. Nikamsimulia nesi habari ya nywele: siku nyingine namsuka amekaa kimya, ila zikibaki siku mbili aone damu, nikimgusa tu analia. Mikono yangu ni ileile.

"Hadeki, bibi. Kuna homoni zinashuka siku hizo, wanawake wengine wanasikia maumivu zaidi. Anaumia kweli."

Neno hilo, homoni, nilimwomba aniandikie. Mimi kusoma nilijifunzia kanisani, ukubwani.

Mimi usichanani, siku hizo nililima shamba la kahawa huku nimeuma kitambaa, kwa sababu shangazi aliyenilea alisema msichana anayelia kabla ya damu atazaa kwa shida. Nikaamini. Nikawafundisha wanangu.

Jioni nikampigia shangazi huyo kijijini Mbebe. Amezeeka, lakini akili anazo.

"Shangazi, ulijua siku zile maumivu yanazidi?"

Akacheka. "Nani hajui, mwanangu? Mimi hata kuguswa mgongo sikutaka."

"Mbona ulinidanganya?"

"Ningekwambia ukweli, kahawa angechuma nani?"

Nikakata simu. Mtu niliyemhesabu kuwa mama.

Nikamwambia Neema, nimekuonea, nisamehe. Akaniangalia. "Na mama naye ulimwambia anadeka?"

Nikasema ndiyo.

Mama yake, binti yangu, anauza mchele Tunduma. Simu nimeishika mkononi, na sijui nianze na neno gani.