Rejea za Kitabu cha Ndiva

Same, Jumanne

Imekubali jamani. Nimebadilisha mpangilio wa rejea mara moja tu, kompyuta ya mradi ikasahihisha kitabu kizima cha mifereji, mwongozo tunaowapa wasimamizi wa maji. Palipokuwa na "tazama ukurasa wa tisa" sasa pana "tazama Kitabu cha Ndiva, ukurasa wa tisa".

Maana Mzee Mbwambo, msimamizi wa maji kule mlimani, alikuwa akifunua ukurasa wa tisa wa kitabu kilekile alichoshika, cha mifereji, unaosema fungulia. Akafungulia ndiva, bwawa lao la maji ya kumwagilia, likakauka, mahindi ya watu yakanyauka.

Leo kaja ofisini. Nikamwonyesha. Akasoma polepole, akacheka.

"Sasa nimeelewa, mwanangu. Na hicho Kitabu cha Ndiva mtatuletea lini?"

Kumbe hicho hawajawahi hata kukiona...

Karatasi mpya hakuna. Kesho nakichapa nyuma ya zilizotumika.