Anemoni wa Mchanga Amefika Kanamkemer

Mwanangu Ekiru,

Ejok. Nakusalimia mimi mama yako, mzima wa mwili isipokuwa magoti. Baba yako anakusalimia. Hajasema, yuko nje anarekebisha zizi, lakini najua. Nyanya yako anakusalimia, bado anauliza utarudi lini kutoka Mombasa, na sisi tumechoka kumweleza. Dada yako Akai anakusalimia kutoka Kakuma, na mume wake, na yule mtoto aliyezaliwa baada ya wewe kuondoka. Tumempa jina lako. Anaanza kusimama. Mbuzi ni wazima. Samaki wako wawili wenye mistari nao wanakusalimia. Wako hai, na hilo nimelitanguliza kwa sababu mengine nitakayokuambia si mazuri yote.

Naandika kwenye daftari lako la tangi la samaki, huku nyuma kwenye karatasi safi. Huko mbele kumejaa Kiingereza chako, na mimi shule niliiacha darasa la tatu. Kwa hivyo vumilia mwandiko.

Anemoni wako, yule mnyama wa baharini kama ua ambaye samaki wako hulala ndani yake, uliyekuja naye kutoka pwani, alikufa siku zile za matanga. Nisamehe. Nyumba ilijaa watu, nani angekumbuka kuongeza maji? Ulikuwa ukiniambia, "Mama, joto la Lodwar linabeba maji, chumvi linaiacha." Siku nilipoinuka kutoka kwenye mkeka nikamkuta amekauka kama kipande cha ngozi. Samaki wako walikuwa wamejibana nyuma ya pampu kama watoto waliofungiwa mlango. Niliongeza maji nikilia. Tangu siku hiyo naongeza kila asubuhi, mpaka kwenye alama yako ya kalamu.

Watu bado wananiuliza ulitoa wapi wazo la kuleta bahari Kanamkemer. Nawaambia ulifanya kazi miaka mingi Mombasa kwenye duka la samaki wa mapambo, kisha ukarudi kufunga sola huku kwetu, na kuiacha bahari ukashindwa. Wanacheka. Jirani yetu akipita anauliza, "Mama Ekiru, maua yako yamekunywa chai?" Nacheka nao. Wakiondoka, nyumba inanyamaza, nabaki kusikiliza pampu.

Basi nikasema hao samaki siwezi kuwaacha bila nyumba. Nikampigia Mzee Bakari, yule mzamiaji wenu wa pwani, akanitumia picha za anemoni watatu. Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Nilichagua kama ninavyochagua mbuzi. Nilitafuta mnene, mweupe kama maziwa, na mwenye mdomo wazi, kwa sababu kwetu mnyama mwenye mdomo wazi anakula, na anayekula atavuka kiangazi. Mzee Bakari akaniuliza, "Mama, una hakika ni huyo?" Nikamwambia mimi nimeanza kuchagua mbuzi yeye hajazaliwa.

Alifika kwa ndege, ndani ya mfuko, kwenye sanduku la baridi. Siku ya tatu akaanza kuyeyuka. Maji yakawa kama uji, nyumba ikanuka, baba yako akahamisha kikombe chake cha chai akanywea chini ya mti. Nilikoroga chumvi yako kwenye ndoo nikahamisha samaki. Nilikuwa nasema, hawa wakifa, basi hakuna tena kiumbe hapa duniani aliyekula kutoka mkononi mwa Ekiru.

Baba yako akasema, "Mama Ekiru, hicho kioo cha samaki kitakumaliza." Akai naye akapiga simu kutoka Kakuma. Anataka kile kioo akiweke kwenye hoteli yake kiwe kabati la mandazi. Akasema, "Mama, mandazi hayafi." Hakusema kwa ubaya. Ananihurumia. Tukakubaliana: nitajaribu mara moja tu. Huyo naye akifa, samaki warudi kwa Mzee Bakari, kioo kiende Kakuma.

Nilikaa siku nyingi sijalala vizuri. Halafu nikapiga picha daftari lako, ukurasa kwa ukurasa, Akai akawa ananisomea kwa simu kati ya mteja na mteja. "Mama ngoja, huyu anataka chapati." Ngoja hivi, ngoja vile, lakini alisoma. Ndipo nikajua nilinunua mgonjwa kwa macho yangu mwenyewe. Umeandika kwamba mweupe hivyo amepoteza rangi inayomsaidia kula mwanga. Umeandika mdomo ukiachama, anakufa. Mguu ukiwa na jeraha, mwache. Na asiponata ukimgusa, mwache pia.

Kuna mahali umechora anemoni wawili. Wa kwanza ni wa mwamba, vidole vyake virefu, vinacheza hata maji yakitulia, na ukimweka mchangani atatangatanga mpaka aingie kwenye pampu. Wa pili ni wa mchanga. Vidole vifupi vimebanana kama zulia jipya, pindo zimejikunja, mguu wake anauzika mchangani. Niliangalia tangi. Ule upande wa dirisha ulikuwa umejaza mchanga mwingi, na mimi miaka yote nilidhani ni urembo tu.

Nikampigia tena Mzee Bakari, mara hii kwa video. Akanionyesha mmoja wa zambarau, mzuri sana. "Mama, huyu kila mtu wa Nairobi anamlilia." Nikaona vidole virefu, nikaona amekaa juu ya jiwe. Nikasema huyo si wangu. Pembeni kulikuwa na mmoja wa rangi ya ugali wa mtama, hata hakuwa amenionyesha. Mdomo umefungwa kama wa baba yako mtu akimuuliza habari zako. Nikasema, mguse. Akamgusa, akanata, mzee akacheka, "Huyu anataka kunivua pete." Nikasema, nionyeshe mguu. Mguu mzima. Nionyeshe alikokuwa amekaa. Mchangani.

Akaniuliza, "Mama, nani amekufundisha?" Nilisema mtandao unasumbua, nikakata.

Alipofika niliuacha mfuko uelee, nikawa naongeza maji ya tangi kwa kikombe, kidogo kidogo, kama ulivyokuwa unafanya ukinifukuza nisikuharakishe. Nyanya yako akauliza kama ni kitu cha kuliwa. Kesho yake mguu ulikuwa umeshazama mchangani. Lakini samaki walikataa. Siku nane wakimtazama kwa mbali, nami nikiwatazama wao, sufuria ikiungua jikoni.

Jana mchana nilikuwa nachambua maharagwe. Nikainua macho, yule samaki mkubwa alikuwa ameingia. Akajisugua, akatoka, akarudi akalala kabisa ndani ya vidole. Mdogo akamfuata. Na mimi nikaita kwa nguvu, "Ekiru, njoo uone."

Sijui ilitoka wapi. Nilisimama na maharagwe mkononi. Baba yako alinisikia kutoka zizini. Akaja mlangoni, akanitazama, akatazama tangi. Akavuta kiti akakaa mbele ya kioo mpaka chai yake ikapoa. Halafu akasema, "Mwambie Akai atafute kabati lingine." Akatoka.

Kwa hivyo tangi linabaki. Lakini nakuambia ukweli, kuona peke yangu ni kazi ngumu. Kitu kizuri kikitokea humu ndani, shingo yangu bado inageukia mlango wako.

Lala vizuri, mwanangu. Nakuahidi maji hayatashuka chini ya alama tena nikiwa hai, na yule mtoto wa Akai akipata akili nitamfundisha kutofautisha wa mwamba na wa mchanga, ili asije akachagua kama mimi.

Kuna neno moja tu limenishinda. Ule ukurasa wa chakula ulilowa, hausomeki. Akai anakisia, Mzee Bakari anasema vingine, na anemoni anapokea chochote ninachompa. Nitumie habari upesi, hata kwa ndoto, nimlishe mara ngapi kwa wiki. Unanijua. Nikimpenda mtu namlisha kupita kiasi.

Mama yako