Alcée Trahan na Ufa wa Kaskazini

Alcée, mwaka umezunguka tangu ututoke, na nyumba yako ya Abbeville bado haijazoea.

Mkeo Earline anapika gumbo, ule mchuzi mzito wa bamia, wa kutosha watu kumi mpaka leo. Ijumaa majirani wanakuja na mabakuli yao, kama ulivyowazoesha, na hakuna anayerudi na bakuli tupu. Ulikuwa mtu wa kumpa mgeni kiti kabla hujamuuliza jina.

Kazi yako ilikuwa kuona pasipofika jicho. Wenzako walitikisa ardhi, mwangwi ukarudi kutoka chini, nawe ukatazama mchoro wake na kusema miamba imekatika wapi. Kisha ulitandaza sakafuni karatasi ndefu za vipimo vya visima vya mafuta, ukatambaa juu yake na soksi zako zilizotoboka, ukitafuta tabaka lililokosekana. Likikosekana, ufa umepita hapo. "Mwangwi hudanganya," ulimwambia binti yako Noélie alipoingia kazi hiyohiyo. "Kisima kimeshafika huko chini. Kiulize."

Ndiyo maana ugomvi wenu wa mwisho ulituchekesha na kutuumiza. Kwenye ramani ya eneo lake ulichora ufa mwekundu upande wa kaskazini. Kama upo kweli, mafuta yamezibiwa ng'ambo, kisima alichopigania kichimbwe kitatoka kikavu, na kazi yake kwaheri.

"Baba, hapo pana gesi tu. Gesi inachelewesha mwangwi, ndiyo maana miamba inaonekana imeshuka. Visima vya jirani havijakosa tabaka hata moja."

"Wee mtoto, nimeanza kuchora nyufa kabla hujaota meno!"

"Na miwani ulikuwa nayo?"

Kaka yako Odilon alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Wewe ulinuna. Ulikuwa unamwogopea, tulijua. Wiki ileile moyo wako ukasimama, kabla hamjapatana.

Wakubwa wake wakamuuliza, "Mzee alisema pana ufa. Bado unataka tuchimbe?" Akajibu ndiyo.

Siku kisima kilipofika chini, alisimama mlangoni kwenu na matope mpaka magotini. "Mama, hakuna ufa. Mafuta yapo."

"Angenuna siku mbili," Earline akasema, "halafu angemsimulia kila mtu kanisani." Wakashikana, wakacheka na kulia pamoja.

Basi pumzika, Alcée. Mtoto yuko salama.

Kazini kwenu mstari wa ufa hufutwa na mkono uliouchora, si mwingine. Wenzake walimwambia Noélie aufute tu, maana wewe hupo tena. Akakataa. Ramani iko ukutani ofisini kwake, na kila siku huko chini mafuta yanapita katikati ya mstari wako kana kwamba umeyafungulia mlango.

Unakumbukwa na mkeo Earline, binti yako Noélie na mumewe Curley, kaka yako Odilon, na ukoo wote wa Trahan. Maadamu tunapumua, hutatutoka moyoni.