Usisajili Jina la Watu Waliokulisha

Jumapili. Ukungu umekaa mlimani tangu asubuhi, hata shamba la jirani silioni. Mvua imeharibu barabara, lori la tangawizi limekwama huko chini karibu na lami, kwa hiyo sisi wapakiaji hatuna kazi. Mgongo umepumzika.

Moyo haujapumzika.

Tangu niandike humu mtandaoni kwamba nimeuza jina la tovuti, mnaniuliza mtu aanzeje biashara hii ya kusajili majina na kuyauza. Mimi ni kibarua tu, Muha kutoka Kasulu, shule niliishia kidato cha pili, na kila kitu nafanya kwa simu. Nitawajibu, ila leo sina mdomo wa mwalimu.

Majina mengi hayauziki. Mimi nimeuza moja tu, lile la kukodisha maturubai, na nilivyojisifu mngedhani nauza kila wiki. Mengine yamelala, na kila mwaka unayalipia upya la sivyo yanakuponyoka. Nunua machache. Chagua maneno ya kazi au bidhaa, ambayo wafanyabiashara wengi wanaweza kuyataka, na ambayo mtu akiyasikia redioni atayaandika bila kuuliza. Kabla hujalipia, jiulize nani atalinunua. Kama jibu ni mtu mmoja tu, na unamjua, na jina ni lake, liache.

Mimi sikuliacha.

Huku Upareni kuna msaragambo, kazi ya pamoja. Mbiu ikipigwa, kila nyumba inatoa mtu. Mwezi uliopita ilikuwa kuzibua ndiva, lile lambo la kukusanyia maji ya kumwagilia. Nimepanga chumba kwa Mama Eliya, mjane, nikaenda kwa niaba ya nyumba yake. Tulichota tope mpaka mchana, likaja sufuria la makande. Tukiwa tunakula, akina mama wanaosindika tangawizi wakatangaza jina la kikundi chao: Tangawizi ya Nakiete. Nakiete ni marehemu mama yake Mama Eliya. Ndiye aliyewagawia majirani mbegu za kwanza bila kumtoza mtu. Vigelegele vikapigwa. Na mimi nikashangilia, kisha nikanawa mkono mmoja, nikatoa simu, nikalisajili.

Makande yao yalikuwa bado mdomoni.

Nilijiambia ni biashara, aliyewahi ndiye mwenyewe. Nikaweka ukurasa ulioandikwa "Linauzwa", na bei ya mtu asiye na haya. Wenzangu wa biashara hii watasema sheria iko upande wangu. Labda. Mimi sijasoma sheria. Ninachojua ni kwamba lile jina nisingelijua kama wasingenikaribisha kukaa nao.

Wao walikosea jambo moja, nanyi lishikeni: walichapisha vifungashio vyenye anwani ya tovuti kabla ya kuisajili. Kwa hiyo walikuwa hawana pa kukimbilia. Mpwa wa Mama Eliya, yuko Moshi, ndiye anawatengenezea tovuti. Aliponiandikia kuulizia bei hakujua ananiandikia nani.

Alhamisi Mama Eliya alinijia na simu mkononi, ukurasa wangu wa "Linauzwa" umefunguka.

"Muha wetu, wewe mambo haya unayajua. Huyu mtu ni wa wapi?"

"Hawa wako mbali, mama. Hawapatikani."

"Ningempata! Si mnatusema Mpare anauza ng'ombe ili adai kuku mahakamani? Huyu angetukoma."

Akacheka. Nikacheka naye. Mungu ananiona, nilicheka.

Jana nikamkuta mnunuzi zizini, anampapasa mbavu mtamba wa Mama Eliya. Mama hana ng'ombe mwingine, na huyu ana mimba. Maziwa yake ndiyo aliyokuwa anayangoja.

"Unauza kweli, mama?" nikamuuliza Mama Eliya.

"Nifanyeje, baba? Niliache jina la mama yangu kwa mwizi?"

Alisema mwizi bila hasira, kama anavyosema mvua au jembe. Afadhali angenitukana.

Leo Mama Eliya na wenzake walipokuwa kanisani nimelihamishia jina kwenye akaunti ya yule mpwa, bure. Kazi ya muda mfupi tu, nilikuwa naiogopa siku zote hizi. Sikuweka jina langu popote. Nikadhani nimemaliza.

Waliporudi nilisikia kelele uani. Mpwa alikuwa amepiga simu. Mama Eliya akaja mlangoni kwangu na kitenge cha kanisani bado kiunoni.

"Muha! Yule mwizi kaliachia! Ni wewe umemwandikia, eh? Usinifiche."

Nikainama kukunja blanketi langu.

"Nilijua tu! Ng'ombe wangu habanduki hapa. Kula, baba, umetupigania."

Akaniwekea sahani ya wali na maharage, akaenda kuwaambia wenzake. Sasa hivi namsikia uani ananitaja, wanapokezana kunisifu, mmoja anauliza kama nimeoa. Chakula kimepoa, kijiko sijakigusa.

Kurudisha si kukiri. Hilo nalo liwe ushauri, ingawa si wa majina ya tovuti peke yake. Nilikuwa nimeiba kitu kimoja. Tangu walipotoka kanisani naiba kingine, shukrani, na hii haina akaunti ya kuihamishia.

Mwenye lori anasema kesho watalivuta. Nikilipanda mpaka Same, na kutoka Same mpaka kwetu Kasulu, hakuna atakayejua kamwe, na nitabaki mtu mwema katika nyumba hii. Nimelifikiria hilo sana. Nimelifikiria kuliko inavyofaa.

Lakini nimechoka kuwa mtu mwema wa namna hiyo. Mama Eliya anaweza kunifukuza. Anaweza kunipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, nami nitakwenda.

Naweka simu chini. Naenda uani sasa, mbele ya wenzake wote, kabla hajanishukuru tena.