Ubao Ninaousogeza Nyuma ya Babu

Mpendwa mshauri Bi Hamae, naomba unipe msaada wa mawazo, na ukiisoma barua hii redioni tafadhali usitaje jina la ukoo wangu, kwa sababu mji wetu una chemchemi tatu za maji moto na midomo isiyohesabika.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwezi huu, na babu yangu Tokuji ni mtunza maji wa bafu la mtaa wetu, mwaka wa thelathini na nane sasa. Kila asubuhi anashuka mferejini, anainua ubao unaozuia maji yanayotoka mlimani yakichemka ili yaingie bwawani, anachovya mkono, anasema "tayari", kisha anakwenda kunywa chai, na baada ya hapo hakuna anayethubutu kuongeza maji baridi, maana ni kumtukana. Lakini tangu majira ya baridi mkono wake umepoteza hisia ya joto, na siku moja jirani yetu Bi Yasue alitoka majini mwekundu hadi shingoni, kwa hiyo babu akienda kunywa chai mimi nashusha ubao vidole viwili, na sijamwambia mtu.

Sasa akina bibi wanamsifu. Juzi Bi Yasue alimpigia kelele kutoka upande wa wanawake: "Mzee Tokuji, mkono wako umerudi! Wakati ule ulitaka kutuchemsha kama mayai!"

Babu akajibu ng'ambo ya ukuta, "Mayai ya zamani hivyo yataiva lini?"

Wakacheka hadi maji yakamwagika, nami nikacheka huku naona haya.

Mwezi ujao natakiwa kuanza kazi ya mapokezi katika hoteli moja mjini Kobe, mbali na hapa. Nikiondoka kimya mtu ataungua, nikimwambia babu nitakuwa nimemvunjia heshima, na tena, hili hata mama sijamwambia, mimi sitaki kwenda, kwa sababu maji yakikaa sawa na akina bibi wakashusha pumzi kwa pamoja, nashiba kabla ya kula. Babu naye anazeeka: amenunua buti mpya za mpira za kushukia mferejini, akakosea namba, haziingii mguuni mwake, zinanitosha mimi. Ameziacha tu mlangoni. Nifanyeje?

Chinami, Tottori

*

Chinami mwanangu,

Nilikuhurumia mpaka nilipofika kwenye hizo buti, hapo nikatamani kukufinya sikio. Kuchezea maji ya watu kwa siri si mchezo. Siku ungekosea wewe, aibu ingekuwa ya babu.

Lakini hebu niambie: mtu aliyeshika ubao mmoja miaka thelathini na minane asijue umeshuka vidole viwili? Na asahau ukubwa wa mguu wake mwenyewe? Babu yako hakukosea namba. Ana haya kama wewe, basi.

Leo hii mwambie mama kuhusu Kobe, kwa kinywa chako, halafu ipigie hoteli simu uombe radhi kwamba huendi, kabla hawajakushonea sare. Babu usimhutubie. Kesho asubuhi vaa buti zako, shuka naye, shika ubao mbele ya macho yake, umwulize, "Babu, hapa?"

Akisema "tayari", mpelekee chai hukohuko.